Mcha Mungu kwenye kamati ya kijiji: hesabu kwanza, saini baadaye

Mhariri,

Kijiji kikiletewa fedha za kujenga darasa au zahanati, mkutano huitishwa kuchagua kamati, na majina yanayotajwa mwanzo huwa yaleyale: mzee wa kanisa, katekista, mama wa kwaya, imamu wa msikiti wa jirani. Wananchi hawakosei. Wanatafuta mtu ambaye hatakula fedha yao, na wanamtafuta pale wanapomwona kila wiki akitunza vitu vya watu. Naomba nafasi katika ukurasa wako niandike juu ya kinachofuata baada ya makofi, maana hapo ndipo sisi Wakristo tunapowaangusha wenzetu, na mara nyingi tunawaangusha bila kuiba hata senti. Tunasaini mzigo ambao hatujauhesabu.

Kwa asiyejua utaratibu: miradi mingi ya vijijini siku hizi hujengwa kwa fosi akaunti. Shule au kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kumlipa fundi wa hapohapo, badala ya kumkabidhi mkandarasi kazi nzima. Zinaundwa kamati tatu. Ya manunuzi inatafuta bei kwa wauza vifaa na kuchagua duka, ya mapokezi inapokea na kukagua vifaa vikifika, ya ujenzi inamsimamia fundi. Zimetenganishwa makusudi, ili aliyechagua duka asiwe yeye tena anayethibitisha kwamba duka limeleta. Mtu mmoja akikaa kwenye kamati mbili kati ya hizo, kinga imetoboka, hata awe mtakatifu kiasi gani.

Kamati ya mapokezi ndiyo inayopewa wacha Mungu, na ndiyo inayoharibika kimyakimya. Lori linafika saa kumi na mbili jioni. Dereva ana haraka ya kurudi mjini. Hati ya muuzaji inasema mifuko 200 ya saruji. Mtendaji wa kijiji anamwambia mzee aliye kwenye kamati, "Saini hapa baba, tutahesabu kesho kukicha." Mzee anasaini, kwa kuwa mtendaji ni muumini mwenzake, wanashiriki meza moja ya Bwana, na kuanza kuhesabu mbele yake kungeonekana kama kumshuku. Asubuhi inakutwa mifuko 180. Kuanzia saa hiyo mifuko 20 haina mwenyewe, na mtu pekee aliyekiri kwa maandishi kwamba ilifika ni yule mzee. Kama kuna mwizi, amejificha nyuma ya jina safi kuliko yote kijijini. Na hati iliyosainiwa ikiwa na idadi ya uongo si jambo dogo: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, inamtia hatiani anayetumia kwa kujua hati ya namna hiyo kumpotosha anayemtumikia.

Kuhesabu kwenyewe hakuhitaji elimu kubwa. Kunahitaji tepu ya mita tano, mizani ya mazao, kalamu, na moyo wa kumwambia dereva asubiri.

Tuanze na saruji. Mifuko ihesabiwe inaposhuka, mmoja mmoja, na watu wawili wanaoandika kila mmoja kwenye karatasi yake, wakimaliza walinganishe. Kuhesabu rundo lililokwisha kupangwa ni kujidanganya, kwa sababu katikati ya rundo panaweza kuwa patupu. Mfuko una kilo 50, na kwenye karatasi yake imechapwa namba ya nguvu, 32.5 au 42.5. Bei hazilingani. Kama nukuu ya bei iliyopitishwa na kamati ya manunuzi ilitaja 42.5, mzigo wa 32.5 haupokelewi hata kama idadi imetimia. Bonyeza pembe za mfuko: ukisikia mabonge magumu, saruji imeshika unyevu. Ndiyo maana stoo iwekewe mbao chini, mifuko isigusane na sakafu wala ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Nondo zina hila yake. Nondo halali ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.6 hivi. Ya milimita 10 kwa urefu huohuo ni kilo 7.4 tu, na kwa macho ya mtu asiye fundi zinafanana. Pima urefu kwa tepu, kisha funga nondo tano uzitundike kwenye mizani ileile inayopimia viazi. Zikipungua sana kilo 53, ama ni fupi ama ni nyembamba, na duka lirudishiwe. Kwa bati, soma geji iliyochapwa: 28 ni nene kuliko 30. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bora, na wauzaji wasio waaminifu wanalijua hilo.

Mchanga na kokoto hazisainiwi kwa neno "tripu". Tripu ya lori lenye ukubwa gani? Pima bodi la lori kwa ndani. Likiwa na urefu wa mita 3.6, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60, likijaa sawasawa linabeba mita za ujazo 4.3. Andika hiyo 4.3. Watu wanaopigia kelele lumbesa sokoni, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa haki kabisa, hawapaswi kunyamaza wakiuziwa tripu isiyopimwa.

Baada ya mapokezi kuna matumizi, na hapa napo hesabu ndogo inatosha kumzuia mtu. Chukua sakafu ya darasa lenye mita 7 kwa 9, zege la unene wa sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 6.3. Zege la mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne hula mifuko sita hadi sita na nusu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo sakafu nzima inahitaji mifuko kama 40. Leja ya stoo ikionyesha mifuko 70 imetoka kwa sakafu ya darasa moja, usianze kwa kumwita fundi mwizi. Muulize unene halisi, muulize kama lipo pia zege la msingi ndani ya idadi hiyo, kisha chimbueni pembeni mkapime. Majibu yapo ardhini.

Na funguo. Akina mama wetu wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wana sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wasiotoka nyumba moja. Humo ndani kuna laki kadhaa. Kijiji hichohicho kinaweka saruji na bati za mamilioni kwenye stoo yenye kufuli moja, ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Mama anayeshika ufunguo wa kikoba anafaa kuongoza kamati ya mapokezi kuliko wanaume wengi wanaochaguliwa kwa sauti zao nzuri za kuomba. Mara nyingi anaingizwa ili idadi ya wanawake itimie, halafu anatumwa kupika chakula cha mafundi siku mzigo unapofika.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa kuwa hutolewa kila mahali: kuhesabu mbele ya ndugu ni kukosa imani naye. Waumini wenye mawazo hayo wasome Ezra sura ya 8. Ezra anaondoka Babeli na msafara wa watu kurudi Yerusalemu, wamebeba mali ya hekalu: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, mabakuli 20 ya dhahabu na vyombo vingine. Njia ina maadui. Aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu uko pamoja na wamtafutao. Wakafunga na kuomba. Mtu huyu ambaye imani yake ilitosha kusafiri bila askari hakusafiri bila mizani. Aliteua wakuu 12 wa makuhani, akawapimia vyote kwa uzito, akawaagiza wavilinde mpaka wavipime tena Yerusalemu. Walipofika walipumzika siku tatu. Siku ya nne vikapimwa mikononi mwa watu wanne waliotajwa kwa majina, kila kitu kwa hesabu na kwa uzani, na uzito wote ukaandikwa. Wote walikuwa watumishi wa Mungu, na hakuna aliyeona ametukanwa.

Paulo naye, akikusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu, alihakikisha fedha hiyo inasafiri na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, na sababu aliitaja wazi katika 2 Wakorintho 8: mtu asije akawalaumu. Wapo wanaojibu kwa 2 Wafalme 12, pale panaposema wasimamizi wa ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Warudi mistari michache nyuma. Kabla fedha haijawafikia wasimamizi hao, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikaa pamoja wakaihesabu. Ofisi mbili, sanduku moja.

Tena sisi tunalijua jambo hili. Jumapili baada ya ibada sadaka huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja, inaandikwa, wanasaini. Jumapili inayofuata tunasomewa hadi sarafu ya mwisho, pamoja na mayai na ndizi zilizouzwa mnadani. Hakuna mhasibu wa usharika anayenung'unika kwamba anashukiwa. Kinachonisikitisha ni kwamba tunatoka kwenye mlango huo, tunavuka barabara hadi ofisi ya kijiji, na uangalifu wote tunauacha kanisani, kana kwamba fedha ya umma haina Mungu.

Katiba yetu ya mwaka 1977 inaliweka jambo hili kuwa wajibu. Ibara ya 27 inamtaka kila mtu kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na inataja kupiga vita uharibifu na ubadhirifu. Mahali pa kwanza pa kutimiza wajibu huo ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 ndio wenye kauli ya juu kabisa katika sera na mambo ya kijiji. Mkutano wa kawaida unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Tunavyo vijiji zaidi ya 12,000 Tanzania Bara, na katika vingi kati yake Wakristo ni nusu ya ukumbi au zaidi. Tukienda, lakini.

Ukienda, angalia taarifa ya mapato na matumizi imewekwa wapi kwenye ajenda. Ikiwa imesukumwa chini kabisa, karibu na mengineyo, itasomwa watu wakiwa wameshaondoka kwenda kukamua na kupika. Nyoosha mkono mwanzoni kabisa, ajenda zinapothibitishwa, uombe ipandishwe ifuate yatokanayo na muhtasari uliopita. Ombi hilo ni halali na mwenyekiti mwenye busara hulikubali.

Taarifa nayo isomwe kwa mafungu. Jumla pekee haisemi kitu. Andika namba nne unaposikiliza: salio anzia, mapato, matumizi, salio ishia. Nitoe mfano wa kubuni. Robo ya Julai hadi Septemba imeanza na shilingi 1,240,000, yakaingia mapato ya 3,600,000, yakatoka matumizi ya 2,950,000. Salio ishia lazima liwe 1,890,000. Sasa Januari unakuja kusikiliza taarifa ya Oktoba hadi Desemba, na inaanza na salio anzia la 1,390,000. Kila taarifa ikisomwa peke yake hesabu zake zinafunga vizuri, hakuna kasoro. Shilingi 500,000 zimepotelea kati ya taarifa mbili, mahali ambapo hakuna ukurasa. Hii ndiyo kasoro ngumu kuliko zote kwa mtu anayehudhuria mara moja kwa mwaka, na ni nyepesi kabisa kwa mwenye daftari la shilingi 500 na mazoea ya kuja kila robo. Baada ya hapo linganisha salio ishia na taarifa ya benki ya tarehe hiyohiyo, kisha omba kuona risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, za manunuzi makubwa.

Neno la kusema ni muhimu. Usisimame ukasema fulani ameiba. Hujui. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haina likizo siku ya mkutano, na sheria za nchi nazo zinalinda jina la mtu. Sema, "Mwenyekiti, salio la Septemba na mwanzo wa Oktoba havikukutana, tunaomba maelezo, na swali hili liandikwe kwenye muhtasari." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwa sababu swali lililoandikwa hurudi lenyewe mkutano ujao chini ya yatokanayo. Lisipojibiwa, andika barua kwa mtendaji wa kijiji na nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ana mkaguzi wa ndani. Raia anaweza pia kuomba taarifa kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inatoa siku 30 za kujibiwa. Pakiwa na dalili ya rushwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Weka nakala ya kila barua, yenye mhuri wa kupokelewa.

Wengine watanikumbusha Warumi 13, kwamba mamlaka imewekwa na Mungu na Mkristo anyamaze. Sura hiyohiyo inamwita mtawala mtumishi, na mtumishi hutoa hesabu. Mwandishi wake mwenyewe alipopigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, akaambiwa aondoke kimyakimya, alikataa. Alisema yeye ni raia wa Rumi, na waliomfunga waje wenyewe kumtoa. Hakuvunja mlango wala hakutukana. Alidai utaratibu ufuatwe, naye alikuwa na haki ya kuudai. Kumwombea mtendaji na kumwomba leja ni kazi mbili za mtu mmoja. Namwombea asianguke, na leja iliyo wazi inamsaidia asianguke. Watendaji waaminifu wapo wengi, na hao ndio wanaoumia zaidi kijiji kisipohesabu, kwa sababu siku mzigo ukipotea hawana karatasi ya kujitetea.

Kwa viongozi wa makanisa nina maombi machache. Mimbari isiwe jukwaa la chama chochote; hilo tulishike sana, maana waumini wetu wana vyama tofauti na wote ni wa meza moja. Kuhesabu saruji hakuna chama. Msiweke semina, mkesha wala mazoezi ya kwaya saa ya Mkutano Mkuu. Mkutano ukiwekwa Jumapili asubuhi, viongozi wa kanisa na msikiti waende pamoja kwa mwenyekiti kuomba saa nyingine. Wakienda wote husikilizwa. Jumuiya ndogondogo zitumie jioni moja kujifunza kupima bodi la lori na kusoma leja, wakiwa na fundi wa mtaani na tepu mkononi. Na msharika akichaguliwa kwenye kamati, asipongezwe tu kwa maombi. Aulizwe baada ya mwezi: umehesabu nini, na nani alikuwa shahidi?

Soda pia itajwe. Kazi ya kamati mara nyingi haina posho, mjumbe anaacha shamba siku nzima, na mwenye duka anafika na kreti la soda na elfu kumi ya "nauli". Kijiji kinachotaka kamati yake isipokee ya muuzaji, kipange chenyewe chakula cha siku ya mapokezi, kiamue mkutanoni na kiandike kwenye muhtasari. Ni fedha kidogo, na inamwondolea mjumbe deni la shukrani kwa mtu anayepaswa kumkagua.

Mapadre, wachungaji na makatekista wanaosoma barua hii, tangazo la mkutano wa robo hii linachukua nusu dakika, tarehe na saa zake ziko kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Lisomeni Jumapili hii, mara tu baada ya kusoma sadaka ya Jumapili iliyopita.

Ni mimi,
Mzee wa usharika,
Njombe